Maneno ya Kawaida na Jirani Zake: Kiingereza cha Masomo Kutoka Orodha ya Krapf Hadi Darasa la Kalamba

1.0 Utangulizi

Katika sehemu kubwa ya Ukambani maji huchotwa mbali. Mto unapokauka, watu huchimba kisima katika mchanga wake, na mwanamke hubeba mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda ambao Wakamba huuita mũkwa ukiwa umepita kwenye paji la uso wake, akarudi nao nyumbani. Hakuna Mkamba atakayekana kwamba mama huyo amefanya kazi. Neno la Kikamba wĩa na neno la Kiswahili kazi yote mawili yanamwenea. Lakini mwanawe anayesoma sekondari katika eneo kama Kalamba ya Makueni hukuta katika kitabu cha fizikia kwamba "work" ni zao la kani na umbali ambao kitu kimesogea kufuata mwelekeo wa kani hiyo. Kuuinua mtungi wa kilo 20 hadi kimo cha mita moja ni kazi ya jouli 200 hivi. Kuubeba kilomita nzima katika njia tambarare, bila ya kuuinua wala kuushusha, ni kazi ya jouli sifuri dhidi ya uzito wa maji hayo.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba "work" si neno geni kwa mtoto huyu. Amelijua tangu madarasa ya chini. Ameliandika katika insha, amelisikia likitamkwa na walimu wake wote, na pengine ni miongoni mwa maneno mia moja ya kwanza ya Kiingereza aliyofundishwa. Laiti lingekuwa neno kama "photosynthesis", mwalimu angelisita, angeliandika ubaoni na kulifafanua. Kwa kuwa ni neno la kawaida, hupita kimyakimya kutoka somo moja hadi jingine, na katika kila somo huandamana na maneno mengine na kubeba maana nyingine.

Makala haya yanachunguza historia ya jambo hilo: namna maneno ya kawaida ya Kiingereza yanavyotumika pamoja na maneno mengine katika masomo mbalimbali, na namna historia ya ufundishaji wa lugha hiyo nchini Kenya, hususan Ukambani, ilivyoshughulikia au ilivyopuuza matumizi hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiingereza kilimfikia mwanafunzi kwa muda mrefu kama orodha ya maneno pweke, yaliyochaguliwa kwa kuhesabiwa. Kumbe maneno yanayojitokeza mara nyingi zaidi ndiyo yenye jirani wengi zaidi, na kwa hiyo ndiyo yenye maana nyingi zaidi. Yalipochukuliwa kuwa mepesi, yalikosa mwalimu wa kuyamiliki.

2.0 Dhana ya Ujirani wa Maneno

Msemaji wa Kiswahili hahitaji nadharia ili aielewe dhana hii. Kitenzi "piga" kinatosha. Mtu hupiga pasi, hupiga simu, hupiga kura, hupiga mbizi, hupiga hodi, hupiga magoti na hupiga moyo konde. Katika mifano hiyo yote hapana anayechapwa. Anayejua tu kwamba "piga" ni kugonga kwa mkono au kwa fimbo hajui kitenzi hicho hata nusu, kwani sehemu kubwa ya maana yake imo katika nomino inayofuata. Kikamba nacho kina mwenendo kama huo: msemaji wake husema kũkũna simũ, na kitenzi kũkũna ni kile kile cha kupiga kwa fimbo.

Katika isimu, dhana hii ilipewa jina la kitaalamu na J. R. Firth wa Chuo Kikuu cha London katika makala yake ya 1951, na akaiendeleza katika maandishi yake ya 1957. Firth alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno hutokana na maneno lililozoea kukaa nayo. Wanaisimu wa Kiswahili wameiita dhana hiyo kolokesheni. Makala haya yanatumia "ujirani wa maneno" kwa sababu istilahi hiyo inajieleza yenyewe. Majirani hawachaguani kwa kanuni za sarufi peke yake. Wamekutanishwa na mazoea ya jamii inayoishi nao.

Jamii inayohusika hapa si lazima iwe taifa zima. Inaweza kuwa jamii ya wanafizikia, ya wakulima, ya wahasibu au ya wahakiki wa fasihi. Hebu tuangalie neno "power". Katika siasa hukaa karibu na "seize" na "abuse", likawa mamlaka. Katika fizikia hukaa karibu na "output" na "watts", likawa kiasi cha kazi kwa kila sekunde. Katika hisabati huja baada ya "raised to the", likawa kipeo. Nyumbani ni stima, ile inayopotea usiku. Mkamba ana neno vinya na Mswahili ana neno nguvu, ila hakuna hata moja kati ya hayo linaloenea maana zote nne. Anayefundishwa kwamba "power" ni vinya amefundishwa kweli, lakini amefundishwa robo yake.

3.0 Safu Sita za Krapf

Ukambani una nafasi ya pekee katika historia ya orodha za maneno Afrika Mashariki. Mwaka 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amepiga kambi Rabai karibu na Mombasa, alifika Kitui na kukaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya Wakamba. Ni huko Kitui alikouona mlima ambao jina lake alilisikia kwa Wakamba, na ambao baadaye uliipa nchi nzima jina. Mwaka uliofuata, 1850, ilichapishwa huko Tübingen, Ujerumani, msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki. Kikamba kilikuwa miongoni mwao, pamoja na Kiswahili, Kinyika, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, yaani Kioromo kwa jina la leo.

Umbo la kitabu cha namna hiyo lina falsafa yake. Neno la Kiingereza huwekwa pembeni, na mbele yake hupangwa vilinganifu katika safu, lugha moja baada ya nyingine. Mpango huo humwambia msomaji kwamba lugha ni maghala ya vitu vile vile vyenye majina tofauti. Kwa "jicho", "maji" na "ng'ombe" haudanganyi sana. Kwa "kazi", "nguvu" na "sababu" hudanganya, kwa kuwa safu haina nafasi ya jirani.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumlaumu Krapf kana kwamba hakulitambua jambo hili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882 baada ya kifo chake, imejaa sentensi, maelezo na mifano ya matumizi. Maneno yamo humo pamoja na watu wanaoyatamka na shughuli zao. Mtu huyo huyo, kwa muda wa takriban miaka thelathini, alivuka kutoka orodha hadi matumizi. Tatizo ni kwamba shule iliyokuja baadaye ilifuata mfano wa kitabu cha kwanza zaidi kuliko wa pili. Orodha ni rahisi kuchapa, ni rahisi kukaririsha na ni rahisi kutahini.

Shule hiyo ilianza kujengwa Ukambani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza Nzaui, katika eneo hilo hilo la Makueni iliko Kalamba. Scott mwenyewe alifariki mwishoni mwa 1896, lakini misheni ikaenea. Kusoma kulianzia kwenye Biblia, na Kikamba ndicho kilichokuwa lugha ya kusomea. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 iliunga mkono matumizi ya lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Kiingereza kilikuwa ngazi ya juu ambayo wachache waliifikia.

4.0 Enzi ya Kuhesabu Maneno

Wakati wanafunzi hao wachache walipokuwa wakifikia ngazi hiyo, wataalamu wa mbali walikuwa wakiamua ni maneno gani watakayokutana nayo. Mwaka 1921 Edward Thorndike wa Marekani alitoa kitabu chake cha maneno 10,000 kwa ajili ya walimu, kilichopangwa kwa kuhesabu mara ambazo kila neno linatokea katika maandishi. Michael West, aliyefanya kazi Bengal, alitunga vitabu vya kusomea vilivyoingiza maneno mapya kwa kipimo. C. K. Ogden alichapisha mwaka 1930 mpango wa "Basic English" wenye maneno 850 tu.

Mpango wa Ogden unafichua kitendawili cha enzi nzima. Ili afike kwenye maneno 850, aliondoa takriban vitenzi vyote na kubakiza 18, kama "get", "put", "take" na "give". Maneno yalipungua kwelikweli. Lakini ili vitenzi 18 vifanye kazi ya maelfu, ilibidi kila kimoja kiunganishwe na vijineno vingi. "Give" ni kutoa na "up" ni juu, ila "give up" si kutoa juu; ni kukata tamaa au kuacha. Mzigo uliopunguzwa kwenye orodha ulihamishiwa kwenye ujirani, mahali ambapo haukuhesabiwa.

Aliyeliona jambo hili mapema ni Harold Palmer. Akiwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza huko Tokyo, alitoa mwaka 1933 ripoti nzima kuhusu mafungu ya maneno yanayokwenda pamoja na ambayo mwanafunzi hana budi kujifunza kama kitu kimoja. Mwaka uliofuata, 1934, Palmer, West, Thorndike na Lawrence Faucett walikutana New York katika mkutano uliogharimiwa na shirika la Carnegie. Ripoti ya mkutano ilitoka 1936. Baada ya vita vikuu West aliihariri upya na kuichapisha mwaka 1953 kwa jina la "A General Service List". Ilikuwa na takriban maneno 2,000 ya msingi.

Orodha ya West ilikuwa bora kuliko sifa yake. Chini ya maneno mengi ilionyesha maana mbalimbali na asilimia ya matumizi ya kila maana, kwa mujibu wa hesabu iliyofanywa katika matini za maneno milioni tano hivi. Kwa maneno mengine, West alijua kwamba neno moja si kitu kimoja. Hata hivyo, asilimia hizo zilijumlisha kila aina ya maandishi. Haziwezi kumwambia mwalimu wa jiografia ni maana ipi itakayojitokeza katika somo lake wiki ijayo. Aidha, zilipotumiwa na watungaji wa vitabu vya kiada, mara nyingi maana na asilimia ziliachwa, yakabaki maneno. Yale 2,000 yakawa ua: yaliyo ndani ni mepesi, yaliyo nje ni magumu.

Hapa ndipo kosa lilipokita mizizi. Neno huingia katika orodha ya namna hii kwa sababu linatumika mara nyingi na mahali pengi. Linatumika mahali pengi kwa sababu limekubali jirani wa kila aina. Kipimo kilichokusudiwa kumtafutia mwanafunzi maneno rahisi kilimkusanyia, bila ya kukusudia, maneno yenye nyuso nyingi kuliko yote.

5.0 Darasa la Nne

Nchini Kenya mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1957, Kituo Maalumu kilipoundwa Nairobi ili kutayarisha mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mpango huo ulijulikana kama "New Primary Approach". Tume ya Ominde, iliyoteuliwa mara tu baada ya uhuru na kutoa ripoti yake mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia mwanzo. Kamati ya Gachathi ya 1976 ililegeza msimamo huo: katika madarasa matatu ya mwanzo itumike lugha ya eneo la shule, na Kiingereza kianze kuwa lugha ya kufundishia katika darasa la nne. Katika maeneo ya Kitui na Makueni lugha hiyo ya eneo ni Kikamba, na Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa mfululizo wa vitabu vya "Tujifunze Kusoma Kikwetu" katika lugha mbalimbali kwa ajili hiyo.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mpango huo wa lugha uliendelea. Athari yake kwa suala la makala haya ni bayana. Katika siku moja ya Januari, mtoto aliyekuwa akihesabu kwa Kikamba alikuta hisabati, sayansi, jiografia na kilimo vyote vikizungumza Kiingereza kwa pamoja. Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha hadithi na mazungumzo. Alijua "table" kuwa meza, au mesa kwa Kikamba. Sasa aliambiwa asome "table" iliyochorwa katika kitabu, na akariri "table" ya saba. Alijua "difference" kuwa kutofanana. Sasa "difference" kati ya 12 na 5 ikawa 7. Alijua "mean" kama kitenzi kinachoulizia maana. Baadaye hisabati ikamtaka atafute "mean" ya namba kumi.

Kila mwalimu alikuwa na sababu nzuri ya kutoyafundisha maneno hayo. Mwalimu wa Kiingereza aliyaona yamekwisha kufundishwa, tena katika kitabu cha darasa la pili. Mwalimu wa sayansi aliyaona si ya sayansi. Istilahi zilikuwa na mwenyewe, na sarufi ilikuwa na mwenyewe. Maneno ya kawaida yalikuwa yatima katikati.

Uyatima huo ulidhihirika zaidi katika lugha ya mitihani. Tuchukue neno "account". Katika somo la biashara ni akaunti au hesabu. Katika historia, "give an account of" humtaka mtahiniwa asimulie mambo yalivyotokea, ilhali "account for" humtaka aeleze sababu zake. Tofauti kati ya maagizo hayo mawili imebebwa na vijineno viwili vidogo, "of" na "for". Mtahiniwa anayesimulia vita kwa ukamilifu alipoulizwa sababu za kushindwa atakosa alama. Msahihishaji ataona mtu asiyejua historia, ingawa mtahiniwa huenda anaijua historia vyema na kilichomponyoka ni ujirani wa neno moja. Tangu 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulikuwa ndio unaoamua nani aende shule gani ya sekondari. Na tangu 1989 ule wa KCSE umekuwa mlango wa chuo kikuu. Kwa mtoto wa eneo la ukame, ambaye karo yake imetokana na mbuzi au na maembe, makosa ya aina hii hayakuwa suala la mtindo wa lugha.

6.0 Ushahidi wa Utafiti

Kwamba tatizo limo katika maneno ya kawaida zaidi kuliko katika istilahi lilithibitishwa kwanza nje ya Afrika. Mwaka 1985 Cassels na Johnstone walichapisha matokeo ya utafiti wao miongoni mwa wanafunzi wa Uingereza kuhusu maneno yasiyo ya kitaalamu yanayotumika katika sayansi. Waligundua kwamba hata wanafunzi ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza waliyakosa mengi ya maneno hayo. Kwa Kenya, Samuel Ouma Oyoo, mtaalamu wa elimu ya fizikia, ameonyesha katika maandishi yake kuhusu madarasa ya fizikia ya sekondari kwamba walimu huelekeza ufafanuzi wao kwenye istilahi, na maneno ya kila siku yanayozibeba istilahi hizo huachwa bila ya kuelezwa.

Matokeo ya Cassels na Johnstone yana maana kubwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kama mtoto wa Glasgow hukwama, basi kukwama kwa mtoto wa Kalamba hakuwezi kuelezwa kwa Kikamba chake. Kiingereza cha masomo si lugha ya kwanza ya mtu yeyote. Tofauti ni kwamba mtoto wa Glasgow ana maana ya nyumbani ya kuanzia, na wa Kalamba ameipata maana hiyo yenyewe shuleni, mara nyingi ikiwa moja tu.

Wakati huo huo kompyuta ilikuwa imewezesha ujirani kuhesabiwa. Mradi wa COBUILD wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ukiongozwa na John Sinclair, ulitoa kamusi yake mwaka 1987. Kamusi hiyo ilijengwa juu ya mkusanyiko mkubwa wa matini halisi, kila neno likitazamwa pamoja na yanayolizunguka. Katika miaka ya 1990 Josef Schmied na wenzake walikusanya matini za Kiingereza cha Kenya na Tanzania kama sehemu ya mradi wa kimataifa wa kulinganisha aina za Kiingereza.

Hata hivyo, kosa la zamani lilirudi kwa sura mpya. Orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye jamii 570 za maneno, iliyapata maneno yake kwa kuyaondoa kwanza yale 2,000 ya West, kwa dhana kwamba mwanafunzi anayajua. Hivyo "work", "power", "account" na "table" yaliwekwa kando mara ya pili. Mwaka 2007 Ken Hyland na Polly Tse walitilia shaka wazo lenyewe la msamiati mmoja wa taaluma zote, wakionyesha kwamba hata maneno yaliyomo katika orodha ya Coxhead hubadilika maana na jirani kutoka taaluma moja hadi nyingine. Orodha ya Gardner na Davies ya 2014, iliyotokana na matini za maneno milioni 120, iliacha desturi ya kuyaondoa maneno ya kawaida. Imechukua takriban miaka 60 tangu kitabu cha West kwa maneno hayo kuhesabiwa kuwa sehemu ya lugha ya elimu.

7.0 Kioo cha Kiswahili

Kulinganisha na Kiswahili kunasaidia kuona kwamba ujirani wa Kiingereza si sheria ya maumbile. Neno "volume" kwa Kiingereza ni moja. Kiswahili kina ujazo kwa chombo, juzuu kwa kitabu na sauti kwa redio. Kwa "power" na "root" za hisabati, Tanzania iliteua kipeo na kipeuo, maneno ambayo hayamkumbushi mtu stima wala mizizi ya mti. Kwa "force" ya fizikia iliteuliwa kani, ili nguvu ibaki na maana zake za mtaani. "Interest" ya benki ni riba, na ile ya moyoni ni hamu. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni zao la juhudi hizo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili kimeuepuka mtego. "Work" ya fizikia kwa Kiswahili ni kazi, na mama mwenye mtungi atashangaa vile vile. "Product" ya hisabati ni zao, na zao ni la shambani pia. Lugha yoyote inayopewa kazi ya kufundishia masomo mengi itayatuma maneno yake ya nyumbani yakafanye vibarua mbalimbali. Kinachotofautiana ni mipaka, na ni nani aliyeshiriki katika kuiweka. Mwanafunzi wa Tanzania, ambaye tangu 1967 elimu ya msingi ya umma imetolewa kwa Kiswahili, hukutana na "work" na "power" katika kidato cha kwanza. Yule wa Kenya hukutana nayo darasa la nne, na kipeo na kani huenda asizisikie kamwe, kwani Kiswahili chake ni somo na si lugha ya masomo.

8.0 Uhakiki wa Fasihi Nao

Wahakiki wa fasihi wasijione kuwa watazamaji tu wa shida za wanafizikia. Taaluma yao imejengwa kwa maneno ya kawaida kuliko karibu taaluma nyingine yoyote. "Character" katika biolojia ni sifa inayorithiwa, katika uchapaji ni herufi, katika barua ya mwajiri ni tabia, na katika riwaya ni mhusika. "Figure" ni tarakimu, ni mchoro, ni umbo la mtu, na ikifuatwa na "of speech" ni tamathali. "Plot" ina historia ya kufurahisha zaidi. Kwa Mkenya wa kawaida ploti ni kipande cha ardhi. Katika somo la kilimo ni kitalu cha majaribio, katika hisabati ni kutia alama za grafu, katika historia ni njama. Wahakiki wa Kiswahili walipoikopa kama ploti, na wengine wakapendekeza msuko, walikuwa wakichagua kati ya jirani wawili. Ploti humleta mtu wa mikutano ya ardhi. Msuko humleta msusi wa ukili na wa nywele. Mwanafunzi anayesoma kwamba riwaya ina ploti nzuri hana hakika, kwa nukta moja, kama anaonyeshwa kisa au kiwanja.

Mjadala wa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ulioanzishwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, uliuliza ni fasihi ipi iwe kitovu cha masomo. Swali hilo lilizaa matunda, na fasihi simulizi ikapata nafasi yake. Lakini maneno ambayo kwayo fasihi hiyo ya Kiafrika ilihakikiwa yaliendelea kuwa yale yale, na jirani zake wale wale.

Mwandishi mmoja wa Makueni alilishughulikia tatizo hili kwa njia nyingine. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alitoa mwaka 1989 kitabu kilichoandikwa kwa kuchanganya Kiingereza na Kiswahili, "Without Kiinua Mgongo". Jina lenyewe ni hoja. Kiinua mgongo ni malipo anayopewa mtu anapostaafu. Anayejua "kuinua" na "mgongo" kila kimoja peke yake hawezi kuipata maana hiyo, na tafsiri ya neno kwa neno ingempa msomaji wa Kiingereza picha ya tabibu wa mifupa. Maillu aliviacha viwili hivyo pamoja kwa Kiswahili na kuvizungusha Kiingereza. Wapo walioliona hilo kuwa mzaha. Kwa mtazamo wa makala haya, ni utambuzi wa kweli: mafungu mengine ya maneno hayavunjwi ili yavuke mpaka.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa imeanzia Kitui ya 1849 na kuishia darasani. Krapf alianza na safu na akamalizia na sentensi. Palmer aliuona ujirani mwaka 1933. West aliziweka maana na asilimia zake chini ya neno. Kwa hiyo si kweli kwamba wataalamu hawakujua. Kilichotokea ni kwamba katika kila hatua, maarifa yalipoteremka kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa mtunga vitabu, na kutoka kwa mtunga vitabu kwenda ubaoni, jirani waliachwa njiani na neno likafika peke yake.

Mtalaa wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 umebadilisha mambo mengi, lakini haujambadilishia mtoto wa Kalamba lugha ya kusomea fizikia. Pendekezo linalotokana na uchunguzi huu ni la kiasi: kila somo liyachukue maneno yake ya kawaida kuwa mali yake, kama linavyozichukua istilahi zake. Mwalimu wa fizikia aliandike "work" ubaoni pamoja na jirani wa fizikia, na kando yake aandike wĩa na kazi. Kisha aruhusu swali ambalo mwanafunzi wa Ukambani ana kila haki ya kuliuliza: kwa nini mama aliyechoka kiasi kile hakufanya kazi yoyote?

Jibu la fizikia lipo, na ni zuri. Misuli yake imetumia nishati kwa wingi, na joto la mwili wake ni ushahidi. Ni maji tu ambayo, katika njia tambarare, hayakuongezewa nishati ya kimo. Mwanafunzi anayepewa jibu hilo amejifunza fizikia na amejifunza neno. Asiyepewa nafasi ya kuuliza hujifunza kuandika sifuri penye mgongo wa mama yake, na kupewa alama kwa hilo.